Kishindo cha Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Nyigu,

Najua ukiona huu mwandiko utataka kuichana barua. Ichane, ila isome kwanza. Ni mimi, Mkia. Ni mimi yule niliyesimama mbele ya kamati miaka kumi iliyopita nikasema kaka yako alitoboa mwamba mahali alipokatazwa, na kwamba kifo chake kilikuwa uzembe wake mwenyewe.

Nilidanganya.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ni mdomo wa kila mtu, na kuna watu wanaoiulizia yangu. Nimehama mji. Ukinijibu, peleka ofisi ya vifurushi vya mabasi, andika juu yake "fundi vitanda", nitaifuata. Sikwambii ninapolala. Si kwamba sikuamini, ila usichokijua hawawezi kukutoa mdomoni.

Siku ile nilikuwa mlipuaji pale machimboni. Unaijua kazi yetu: mtoboaji anatoboa matundu kwenye jabali, mimi nayajaza baruti, king'ora kinalia, nawasha, halafu nahesabu. Matundu hayalipuki kwa pamoja, yanafuatana, ili sikio liweze kuhesabu. Matundu kumi na matano, vishindo kumi na vitano. Kikipungua kimoja, ujue kuna tundu limelala na baruti yake, na hakuna ruhusa ya mtu kutoboa pale mpaka litafutwe. Mimi nilihesabu kumi na vinne. Nikamwambia Nyapara. Akasema masikio yangu yana nta. Nilikataa kutia sahihi, akaandika mwenyewe kumi na tano kwenye daftari la milipuko, na asubuhi yake akampanga kaka yako kutoboa palepale.

Sasa kuna mpelelezi wa ajali za kazini, mama mmoja mkali, amelifungua jalada upya. Anataka lile daftari. Sheria inawalazimu walitunze miaka kumi, na tarehe 31 mwezi huu miaka kumi inatimia. Nyapara atalichoma, tena kihalali. Polisi wakienda kulitafuta, atakuwa amepata habari kabla hawajafunga mikanda.

Nimesikia wewe ndiye unayewafulia ovaroli. Kwanza sikuamini. Halafu nikakumbuka wewe ni nani, nikaamini. Nisaidie tumfunge huyu mtu.

Mkia

*

Alhamisi, 6 Machi

Fundi vitanda, maana ndivyo ulivyotaka kuitwa,

Nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa juu ya ndoo.

Mama alikufa akiamini mwanawe alikuwa mzembe. Ulilijua hilo? Kila aliyekuja kumjulia hali, mama alimwambia, "Mwanangu alikuwa hasikii la mtu, tangu mdogo." Alikuwa anamwombea msamaha kwa majirani, kwa kosa ambalo hakulifanya. Na wewe alikuogesha kwenye beseni moja na sisi. Ulilala kitanda kimoja na kaka mkipigana mateke, ukamfuata kila alikokwenda mpaka ukapewa hilo jina la Mkia. Siku ya kumzika hukuja hata kutupa udongo. Jeneza lilibebwa na watu wawili. Unajua kwa nini lilikuwa jepesi.

Ndiyo, nawafulia. Mwaka wa saba huu. Kazi hii niliiomba kwa magoti, nikitaka niwe karibu nao mpaka siku nitakayoona pa kuuma. Kila wiki nageuza mifuko yao. Nyapara husahau kila kitu mfukoni: kitana, dawa ya tumbo, barua za mwanamke ambaye si mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimo nguoni mwake. Wiki mbili zilizopita alisahau ufunguo wa kabati la chuma la ofisini. Nikauchongesha mwingine kabla ya kuurudisha, sikujua wa nini. Sasa najua.

Nitalitoa hilo daftari. Usije ukadhani nimekusamehe. Niambie namna ya kuingia na namna ya kutoka, basi, mengine baki nayo.

Dada wa marehemu

*

Jumamosi, 8 Machi

Nyigu,

La mama sitajitetea. Siku ya mazishi nilikuwa nyuma ya ukuta wa shule. Niliona jeneza likipita.

Sasa sikiliza vizuri. Jumatano, siku yako ya kupeleka nguo, mlipuko ni saa saba mchana. Ofisi imo ndani ya mstari wa hatari, mawe huruka mpaka pale, kwa hiyo nayo huachwa tupu. King'ora cha kwanza: watu wanatoka, na kila mmoja anatundika kibati chake chenye namba kwenye ubao wa getini, ijulikane nani kabaki. Wewe dobi huna kibati. Ukibaki ndani hakuna atakayejua. King'ora cha pili: Nyapara anakagua ubao. Cha tatu: moto. Baada ya vishindo wanangoja dakika kumi vumbi litue, ndipo filimbi. Kuanzia cha pili mpaka filimbi una dakika ishirini.

Jifiche chumba cha ovaroli. Kabla ya king'ora cha tatu uwe umeingia chini ya meza ya chuma ya ofisini, ile kubwa, ukae mbali na dirisha. Bati la paa halizuii kitu. Chumba cha ovaroli kina mende, nao ndio viumbe pekee unaowaogopa duniani. Samahani sana kwa hilo.

Daftari lina jalada la kijani, mwaka umeandikwa ubavuni. Na hapa nakuomba kitu kimoja tu: usilifungue. Lifunge kwa gazeti, mpelekee mpelelezi. Mwandiko wa kaka yako umo, alitia sahihi ya kuingia kazini asubuhi ileile. Utajiumiza bure. Niahidi.

Mkia

*

Jumatano, 12 Machi, alasiri

Mkia,

Ninalo.

Utanisamehe herufi, naandika haraka. Nilipeleka mzigo wangu saa sita na nusu, nikamsalimia mzee mlinzi wa getini kama kawaida, nikaingia chumba cha ovaroli na sikutoka. King'ora cha kwanza kikalia. Nikasikia viatu, nikasikia vibati vikigongana ubaoni, halafu kimya. Miaka saba nimewafulia jasho lao na hakuna hata mmoja aliyejiuliza dobi yuko wapi. Nilikasirika, Mkia. Nilikuwa nimekuja kuiba na bado nikakasirika.

King'ora cha pili. Nikaingia ofisini, nikafungua kabati. Ufunguo ulikwama, nikautemea mate, ukazunguka. Madaftari yalikuwa mengi, yote ya kijani, na ubavuni vumbi limefuta miaka. Nilikuwa nimelishika lenyewe mkononi niliposikia mlango wa nje. Nikarudishia kabati kwa nyonga, nikajitupa chini ya meza.

Alikuwa Nyapara. Alisahau dawa yake ya tumbo. Alisimama hatua moja kutoka usoni kwangu, nikawa natazama suruali niliyoipiga pasi mimi, mkunjo wake umenyooka. Akafungua droo, akameza, akacheua, akavuta pumzi kama mtu asiye na deni na yeyote. Nilikuwa na mkasi wa dobi kiunoni. Kisigino chake kilikuwa karibu kuliko barua hii ilivyo karibu na wewe. Nikajiuma ulimi mpaka akatoka.

Halafu kikalia cha tatu.

Hukunieleza kwamba ardhi inakwenda. Hukunieleza kwamba kifua kinasikia kabla ya sikio. Jiwe moja lilipasua paa likatua juu ya meza, juu yangu hasa, na kipande cha bati kikanichana bega. Sikulia, nilikuwa nahesabu. Sijui kwa nini nilihesabu, nadhani kwa sababu yako. Ubaoni getini nilikuwa nimesoma matundu kumi na mawili. Mimi nilisikia kumi na kimoja. Labda viwili viliungana, nilikuwa chini ya meza na meno yanagongana. Nilipokuwa nikichungulia nitoke nilimsikia Nyapara nje akisema, "Kumi na viwili, safi, andika." Ningemwambia nani? Kwamba dobi alikuwa ndani na amehesabu?

Nilitoka na furushi la ovaroli chafu kichwani, daftari katikati, damu nimeifutia ovaroli ya mtu. Mlinzi akaniuliza, "Dobi, ulikuwa wapi wewe?" Nikamwambia, "Chooni, baba. Hivyo vishindo vyenu vinalegeza tumbo." Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka peke yangu njia nzima. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu tukiwa watatu.

Nalifunga kwa gazeti sasa hivi, nakuahidi.

Nyigu

*

Alhamisi, 13 Machi

Mkia wangu,

Nimebadili mawazo kidogo. Bega limeshonwa na mlinzi ameanza kunitazama vibaya, sipendi kuzurura mjini na kile kitu. Afadhali uje ukichukue, tukipeleke pamoja kwa mpelelezi. Jumatatu asubuhi nitakutumia mtu mwenye gari, mtu wa kuaminika kabisa. Niambie tu unalala wapi: mtaa, mlango, ngazi. Tumekuwa watu wazima mno kuendelea kufichana.

Gazeti sijalifungua. Si nilikuahidi.

Nyigu

*

Ijumaa, 14 Machi

Nyigu,

Uliponiita "Mkia wangu" nilitoka nje nikasimama barabarani kama mwehu. Seremala ninayemfanyia kazi akaniuliza nimefiwa na nani.

Nalala juu ya karakana yake, mtaa wa nyuma ya soko la mbao, mlango wa buluu, ngazi ya nje upande wa kushoto. Chumba kimoja, dirisha moja, harufu ya gundi. Jumatatu nitakuwa nimeoga na kunyoa. Mpelelezi nitamwambia aniandalie nafasi siku hiyohiyo.

Lakini vile vishindo. Kumi na kimoja ulisikia? Haviungani, Nyigu. Tunavipanga makusudi visiungane. Mtu husema vimeungana ili apate usingizi. Wasipoambiwa, Jumatatu wataanza kutoboa upya pale pale, na atakayeshika mashine hatakuwa Nyapara. Piga simu ukiwa mbali na nyumbani, geuza sauti, sema tu tundu limelala, watafute. Usingoje. Nakusihi kuliko nilivyowahi kukusihi jambo lolote.

Mkia

*

Jumapili, 16 Machi

Mkia,

Naipeleka ofisi ya vifurushi kama kawaida, ingawa hutaifuata. Gari litafika kabla ya basi. Nimeiandika kwa sababu kuna maneno yakibaki tumboni yataoza.

Nililifungua. Jumatano ileile, kabla jua halijazama. Nilitaka kuuona mwandiko wa kaka. Nikauona, na chini yake nikauona wako. "Vishindo vilivyosikika: kumi na tano." Namba umeiandika wewe. Sahihi ni yako, na ule mkia umeuzungusha mara mbili, kama ulivyokuwa ukijifunzia kwenye daftari langu la hesabu tukiwa darasa la nne. Mkono wala haukutikisika. Nyapara ameidhinisha tu. Na wewe ukaniambia ulikataa.

Kwa hiyo ulijua kuna tundu limelala, ukatia sahihi, ukaenda kula. Asubuhi ukamwacha aende. Ulimwona akibeba mashine, Mkia, maana ulikuwa unamfuata kila mahali. Halafu ukaenda mbele ya kamati ukasema ni uzembe wake, na miaka kumi baadaye unanituma mimi, mimi, nikutolee ushahidi chini ya mawe, na kunionya nisiufungue.

Mtu wa kuaminika niliyekuahidi ni dereva wa Nyapara. Jana saa nne asubuhi nilimwandikia bosi wake mtaa, mlango na ngazi. Watakaokuja wamevaa ovaroli nilizozifua. Daftari nimebaki nalo na nitalipeleka mwenyewe kwa mpelelezi Jumanne. Nyapara nitamfunga kwa karatasi, na wewe nakufunga kwa Nyapara. Simhitaji hata mmoja wenu akiwa hai kuniambia kilichotokea, kimeandikwa.

Na hilo tundu lako la kumi na mbili usinifundishe. Wewe ni mtu wa mwisho duniani kunifundisha kuhesabu.

Dada wa marehemu

*

Jumatatu, 17 Machi, asubuhi

Nyigu,

Mtu wako amefika, yuko chini anapiga honi. Nimemwomba dakika kumi. Barua hii namwachia seremala aiweke kwenye basi, maana mambo haya nikikuona uso kwa uso sitayasema. Nimejaribu mbele ya kioo nikashindwa.

Sahihi ni yangu. Utaliona daftari likifunguliwa mezani kwa mpelelezi na sitaki ulione kabla hujanisikia. Nilihesabu kumi na vinne, nikamwambia Nyapara, hilo ni kweli. Akasema, tia sahihi au kesho usije. Mvua ilikuwa inakuja, kila mtu alikuwa anataka kwenda nyumbani, na mimi nilikuwa na siku tisa tu tangu nipandishwe cheo. Nikajiambia viwili vimeungana. Nikaandika kumi na tano. Asubuhi nilimwona kaka akiteremka na mashine begani, akaniita, "Mkia, vipi, twende," nikamwambia nakuja. Nilisimama pale juu nikijiambia nitamwita akifika kwenye lile bapa la jiwe, nitamwita akiweka mashine chini, nitamwita akiiwasha. Sikumwita. Nilikuwa naogopa kuchekwa, Nyigu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo kwa miaka kumi na sijaipata.

Mpelelezi anayajua haya yote. Nilimwandikia tangu mwezi uliopita, kabla sijakuandikia wewe. Wewe peke yako ndiye niliyekudanganya, kwa sababu wewe peke yako ndiye niliyetaka unijibu. Ameniambia nitafungwa, miaka minne, labda mitano, nimekubali. Anachosisitiza ni kwamba nifike mzima mbele ya hakimu nile kiapo, maana daftari peke yake halitufai kitu. Ukilisoma linawatetea: vishindo kumi na vitano, sahihi mbili, kila kitu sawa, marehemu alaumiwe. Inatakiwa mdomo wangu useme ile namba ni uongo. Nisipokuwepo, ni karatasi ya Nyapara ile, si yetu.

Nimemwambia dereva kwamba kama hutajali tupitie machimboni kwanza, nikamwambie mtoboaji kuhusu lile tundu, iwapo hukupata nafasi ya kupiga simu. Amecheka, amesema haina shida, ndiyo njia yetu.

Honi tena. Nimenyoa, nimejikata kidevu. Usinicheke ukiniona.

Mkia

*

Jumatano, 19 Machi

Kwa Mpelelezi wa Ajali za Kazini,

Mimi ni dobi wa machimbo ya mawe, dada wa yule mtoboaji aliyekufa miaka kumi iliyopita. Mlipuaji uliyekuwa ukimngoja Jumatatu hatakuja. Wamemwokota chini ya jabali. Wanasema alikuja kuomba kazi akateleza.

Hakuteleza. Jumamosi tarehe 15, saa nne asubuhi, niliingia ofisini kwa Nyapara nikamwandikia kwa mkono wangu mahali alipokuwa amejificha, nyuma ya fomu ya ovaroli. Karani aliona. Nyapara akaniambia, "Tutamfundisha adabu." Sikumuuliza adabu ya namna gani kwa sababu nilijua. Jumatatu gari lilimchukua mlangoni kwake, na seremala alimwona akipanda kwa hiari yake, amenyoa, anamwamkia dereva. Alipanda kwa sababu nilimwambia ni mtu wangu.

Barua yake ya mwisho niliipata jana mchana. Nilikimbia mpaka machimboni na kupiga kelele pale getini kwamba kuna tundu limelala tangu Jumatano, mpaka watoboaji wakazima mashine. Walikuwa wameanzia upande wa pili, walibakiza tundu moja tu kulifikia. Wamelipata, na baruti yake yote. Aliyekuwa zamu ana watoto wanne. Alinishukuru sana, nikashindwa kumtazama.

Jana hiyohiyo nilipiga simu ofisini kwako. Msaidizi wako akanieleza kwa upole kwamba bila shahidi yule jalada la kaka yangu linafungwa. Daftari nakuletea, ingawa sasa najua linasema nini likiwa peke yake. Nyapara atakapolisoma mahakamani atakuwa na haki ya kutabasamu, na kaka yangu atabaki mzembe kwenye karatasi za serikali, na aliyemfanya abaki hivyo ni mimi.

Kwa hiyo naomba ufungue jalada lingine, la huyu mlipuaji. Shahidi wake yupo, ni mimi. Mshtakiwa mmojawapo pia ni mimi, sitakana. Nakuletea barua zote, zake na zangu; leo asubuhi nilimfuata seremala akanipa zangu zikiwa zimefungwa kwa kamba. Ile ya Jumapili nimeichukua mwenyewe ofisi ya vifurushi, ilikuwa haijafunguliwa. Isome kwa sauti mbele ya Nyapara, sitaona haya. Imetaja dereva, imetaja siku, imetaja saa.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Sihitaji kutumiwa gari. Nguo za watu nimeshazirudisha zote, na nimefunga za kwangu za kubadilisha kwenye mfuko, kwa sababu sitarajii kulala nyumbani.

Dobi wa machimbo